Mgombea wa Kwenye Simu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimenunua daftari hili ili watakaokuja nyuma wajue kata hii iliwahi kuwa na mtu mwenye macho. Shule niliishia darasa la pili. Kosa la mwalimu.
Leo shemeji yangu kinyozi, ndugu wa mke wangu, kaonyesha wateja mgombea udiwani kwenye simu. Eti Mtu wa Watu. Picha moja, ahadi moja: "Nitashona kila palipochanika." Maneno yangu hayo, nayasema kwenye cherehani mwaka wa arobaini huu. Mwizi. Nikawaambia mtu huyu hayupo, katungwa. Shemeji akauliza kama naweza kuapa. Nikaapa: akitokea, namwachia kiti changu cha dirishani hapo kibandani kwake, chenye mto, nami nihamie benchi lenye msumari.

Jumanne, 5 Agosti
Mjukuu wangu kanikuzia picha, kaichapisha kwenye karatasi. Koti safi, mshono umetulia, fundi wake nampa heko. Ila uso! Masikio vipini vya sufuria. Shingo ya jogoo aliyenyeshewa. Nikasema sura hiyo hata mama mzazi angeikana. Mjukuu akakimbilia jikoni. Nikamsikia na bibi yake wakiangusha vyombo.
Ukutani juu ya redio pana mraba mweupe. Nimeuliza picha iko wapi. Mke wangu kasema kioo kilipasuka, imepelekwa kutengenezwa, na kama kawaida yake akaongeza: kula kwanza, maneno baadaye. Nikala.

Jumatano, 6 Agosti
Uchunguzi. Nimezunguka kata nzima na picha mkononi. Muuza mkaa kasema sura anaijua ila jina haliji, huku akinikodolea. Fundi baiskeli kaniomba nigeuke upande. Fundi saa kaniuliza kama nimelala vizuri. Mwenye kutaja anapoishi mgombea: hakuna hata mmoja. Ushindi. Nimewaalika wote kibandani kwa shemeji kesho saa nne.

Alhamisi, 7 Agosti
Kibanda kilijaa hadi nje. Nimehutubia nikiwa kwenye kiti changu. Mwisho nikauliza nani kati yao amemwona mtu huyu kwa macho yake. Mikono yote juu.
Shemeji akanizungushia kioo, akabandika picha pembeni yake. Ndani ya kioo mzee. Kwenye picha kijana. Masikio yaleyale.
Ndiyo picha yangu ya wiki ya harusi. Koti nilishona mwenyewe. Mke wangu kaitoa ukutani kwa mkono wake, akampa kaka yake.
Nikasema nilijua tangu Jumatatu, nilikuwa nawapima. Nikasema pia kwamba kijana ukimtazama vizuri ni mtanashati. Walicheka mpaka mmoja akanyolewa nyusi kwa bahati mbaya.
Nimeketi benchini. Msumari upo.

Ijumaa, 8 Agosti
Mgombea mpya kwenye simu! Safari hii mwanamke, kijana, kilemba upande, mwanya wa kupitisha kidole. Ahadi yake: "Kula kwanza, maneno baadaye." Huyu ndiye hayupo kabisa. Mtu mwenye akili hadanganywi mara mbili. Nimeapa mbele ya shemeji na wateja sita: akitokea, cherehani yangu aichukue.
Nimemsimulia mke wangu. Kacheka mpaka mwanya wote ukaonekana.
Juu ya redio sasa pana miraba miwili. Vioo vya siku hizi havina uimara. Kesho nitakwenda kumkaripia aliyeviuza.