Neno la Tisa na Mtamba wa Bibi Ndeonasia

Habari yenyewe ilianzia saluni moja ya mtaa wa Soweto mjini kwetu, chini ya mashine ya kukaushia nywele, mahali ambapo mtu husikia nusu na nusu anaijaza mwenyewe. Ilisemwa kwamba shule moja ya Kiingereza, inayosaili watoto wa darasa la kwanza, imeacha kuuliza hesabu. Sasa inauliza maneno ya Kiingereza ya herufi tano, ambayo herufi nne za mwisho ni zilezile: i, g, h, t. Ilisemwa pia kwamba maneno hayo yapo tisa. Mtoto anayejua yote tisa anaingia. Anayejua manane anarudi nyumbani kuchunga kuku.

Veronika wa Machame aliibeba habari hiyo hadi nyumbani na haikumtoka tena. Alipalilia migomba akiwa nayo, akakaa nayo kanisani wakati wa matangazo. Binti yake Kindness alikuwa na miaka sita, na Veronika alitaka aingie shule ile kuliko alivyotaka paa jipya. Kila jioni walikaa jikoni wakihesabu kwa vidole: night, light, right, fight, sight, might, tight, eight. Vidole vinane. Cha tisa kilibaki kimesimama peke yake kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

Habari ikamfikia na Ildefonce wa Majengo, kwenye kibanda cha chai. Huyu alikuwa na suti moja, kalamu tatu mfukoni ambazo mbili hazikuwa na wino, na sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Kiingereza chake kilitosha kuagiza soda. Lakini alipomsikia mama mmoja akilalamika kwamba neno la tisa halionekani hata kwenye kamusi, aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeitwa kwenye utumishi.

"Kitu kisichoonekana hakina mwenyewe," alijiambia. "Na kisicho na mwenyewe naweza kukiuza mimi."

Wiki ileile akapanda Machame na bahasha za kaki zilizofungwa kwa nta ya mshumaa.

"Hodi hapa. Mimi ni Mwalimu Ildefonce, wa Idara ya Maneno Adimu."

"Karibu, mwalimu," Veronika akasema. "Idara hiyo iko wapi?"

"Ghorofani."

Veronika akamsogezea kigoda. Kitu kikishakuwa ghorofani kina uzito wake.

"Neno la tisa limo humu," Ildefonce akasema, akiinua bahasha kwa vidole viwili. "Lifunguliwe siku ya usaili tu. Likipigwa na hewa linaharibika."

"Hata nikichungulia kidogo?"

"Mama mmoja wa Kibosho alichungulia. Sasa hivi mtoto wake amesahau hata yale manane."

Veronika akarudisha mikono ndani ya kitenge. "Lakini mwalimu, hela sina."

"Mama Kindness, nani ametaja hela? Sisi ni watu wa elimu." Macho yake yakazunguka ua, yakapita kuku, yakapita mkungu wa ndizi, yakatua bandani. Mlikuwa na mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwenye sikio lililochanika, akitafuna bila haraka. "Huyo anatosha."

Hapo ndipo Ildefonce alipokosea, na ni kosa la mtu aliyekulia mjini kwenye vyumba vya kupanga. Mtu wa mlimani akiona ng'ombe bandani kwa mtu, kwanza anauliza ni wa nani. Huku mwenye ng'ombe humpa ndugu yake amfugie: anayefuga anapata mbolea, na maziwa yakija ni yake; mwenye ng'ombe anangojea ndama. Mtamba yule alikuwa wa Bibi Ndeonasia wa Sanya Juu, mama mkwe wa Veronika. Ildefonce hakuuliza. Veronika naye hakusema. Alifungua kamba akijua kwamba ametoa kisicho chake, na kwamba Kindness asipoingia shule, yeye atakuwa amekosa shule, ng'ombe na mama mkwe kwa mkupuo mmoja.

Ildefonce akaulizia mnada mzuri wa ng'ombe. Akaambiwa Sanya Juu. Alifika siku ya soko, suti imejaa manyoya mekundu. Hajamaliza kufunga kamba kwenye nguzo, bibi mmoja mfupi aliyekuwa akiuza maharage akaja kusimama mbele yake, akaliangalia lile sikio kwa muda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mtamba mzuri. Ni wako?"

"Wangu kabisa. Nimemlea tangu ndama."

"Na majani umemkatia mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, bibi."

Bibi akawaita wazee wa mnadani bila kupandisha sauti. "Jamani, mnamjua ng'ombe huyu?"

"Si wako huyo, Bibi Ndeonasia?" mmoja akajibu. "Sikio alichanwa na waya wa uzio wangu."

"Basi kijana huyu amekiri kwamba kumlisha ni kazi yake."

Miguu ya Ildefonce ilianza kutafuta njia, lakini wazee walikuwa wamesimama pande zote na fimbo zao.

"Kuna polisi, baba, na kuna banda langu," bibi akasema. "Ukichagua banda, utakata majani kama desturi. Ndama wa kwanza wangu, wa pili wako."

Ildefonce alikuwa karibu kulia. Aliposikia neno ndama, machozi yakarudi yalikotoka.

"Wa pili wangu moja kwa moja?"

"Mbele ya mashahidi."

Akashukuru kwa kuinama, akijiona amemzidi akili bibi kizee. Jambo ambalo bibi hakulitaja, kwa kuwa hakuulizwa, ni kwamba mtamba yule alishapelekwa kwa dume mara nne, na mara ya nne dume mwenyewe aligeuka akaondoka. Alipelekwa Machame ili ajaribiwe kwa majani ya huko.

Wiki tatu baadaye, usaili ulipokwisha, Veronika alikwenda Sanya Juu na jani la isale mkononi, jani ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Bibi alilipokea, kisha akaonyesha bandani kwa kidevu. Chini ya mzigo wa majani alitokea Mwalimu wa Idara ya Maneno Adimu, suruali ya suti imekatwa magotini.

"Mama Kindness. Usaili ulikwendaje?"

"Hawakuuliza neno hata moja. Walimwambia achore kitu cha nyumbani. Akachora mtamba, na kamba, na mtu wa suti anaondoka naye. Walipomuuliza huyu ni nani, akasimulia yote bila kupumua. Wamemchukua."

"Unaona? Bahasha imefanya kazi."

"Bahasha tuliifungua. Ilikuwa na karatasi tupu."

Bibi, ambaye habari ya saluni ilishamfikia hata yeye, akageuka. "Hebu tuambie, baba. Hilo neno la tisa ni lipi?"

Ildefonce akatua mzigo. "Kusema kweli, bibi, bado halijazaliwa."

Bibi akamtazama mtamba, akafunika mdomo kwa kanga.

"Usijali," akasema. "Litazaliwa siku moja na ndama wako."

Ildefonce akashukuru, akachukua mundu, akaenda kukata majani mengine.

Mzazi mwenye mtoto wa kusailiwa, epuka haya:

Habari ya saluni ambayo msemaji hamjui aliyemwambia.
Bahasha inayoharibika kwa hewa.
Mwalimu mwenye kalamu tatu ambaye hujamwona akiandika.
Ofisi iliyo ghorofani lakini haina mtaa.
Kumkaripia mtoto anayechora.
Kutoa ng'ombe wa mama mkwe.