Kayaki, Bega na Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni. Bunia.
Nimepata kayaki, kimtumbwi cha mtu mmoja! Ya plastiki, ya manjano, imeachwa na mzungu wa shirika moja aliyerudi kwao. Sasa mambo yangu na Bijou yatanyooka. Baba yake, mzee Alphonse, muuza samaki wa Kasenyi, kule ziwani, hataki kuipokea familia yangu kwa mazungumzo ya mahari kabla hajaniona ziwani. Eti binti yake hataolewa na mtu anayeogopa maji. Jumamosi nashindana na Fiacre, seremala anayemtaka Bijou pia. Fiacre anapiga kasia tangu utotoni. Hanitishi!

Jumatano, 4 Juni.
Bunia haina ziwa. Si neno. Nimeiweka kayaki uani juu ya magunia ya mchanga, nikapiga kasia hewani asubuhi nzima. Majirani wamekuja na viti vyao. Video kwenye simu inasema nguvu itoke kiunoni: geuza kiwiliwili, sukuma kwa miguu, mikono isipande juu ya mabega, kasia lisibanwe sana. Nikajaribu. Nikajiona kwenye kioo cha dirisha. Ndombolo kabisa! Nikate kiuno mbele ya baba mkwe? Afadhali nizame. Nimeamua: mgongo wima kama niko misani, mikono ifanye kazi yote.

Alhamisi, 5 Juni.
Bega la kulia linawaka moto. Kuvaa shati kumekuwa vita. Dada yangu Lydie amenikanda kwa maji ya moto na chumvi, akasema nipumzike au nifuate video. Nikamweleza kuwa hajui heshima ya ukweni. Akacheka hadi akamwaga maji. Kwenye mguu wangu!

Jumamosi, 7 Juni. Kasenyi.
Aibu. Mzee Alphonse alikaa ufukweni juu ya kreti ya bia, karibu na wanawake wanaoanika samaki. Tukaanza. Nikaongoza, kweli kabisa! Mama mmoja akapiga kelele: “Weye, geuza mugongo! Bega itakufa!” Nikajifanya sikusikia. Mara bega likalia ka! Kasia likaponyoka, nami nikaanza kuelea kuelekea Uganda. Fiacre akarudi na mtumbwi wake, akanivuta kwa kamba kama mbuzi wa sokoni. Na kiuno anakizungusha mbele ya mzee bila haya!

Jumapili, 8 Juni.
Mkono umefungwa kwa kitenge. Nilikuwa nimekata tamaa, nusura nilie. Bijou akaja anacheka. Baba yake alimuuliza kwa nini nilikaa kama mti. Aliposikia ni heshima, alicheka mpaka akakohoa. Akasema wavuvi wote wa Kasenyi wanageuza viuno mbele ya wakwe zao, la sivyo watu wangekula nini? Ila, akasema, mimi si mwoga. Familia yangu ije Jumamosi! Sharti moja tu: nije kwa barabara, asinione tena majini.

Furaha niliyo nayo haina kipimo.

Jumatatu, 9 Juni.
Nimefikiri sana. Mzee ananijaribu. Baba mkwe akikukataza maji, anataka kuona kama utathubutu. Wajomba watashuka kwa barabara na mbuzi. Mimi nitatokea ziwani, kayaki ya manjano, suti nyeusi, ufuko mzima unatazama. Mkono wa kushoto bado mzima, nimeshaanza mazoezi. Kiuno hakigeuki ng’o. Safari hii hata mama mkwe atakuwepo.