Yanayogusia Pembeni

Ilitangazwa rasmi, kwa maslahi mapana ya wakazi wa Ravensbeck, kwamba Halmashauri itapokea maswali yanayohusu ajenda moja kwa moja. Swali linaloihusu "tangentially", yaani kwa kugusia pembeni tu, halitasikilizwa.

Hilda Threlkeld alilisoma tangazo hilo jikoni kwake, amevaa viatu vya mpira. Mtaro wa Halmashauri ulikuwa umeziba tangu mvua za vuli zianze, na maji machafu yalikuwa yamefika chini ya jiko. Mumewe Wilf, mgonjwa wa kifua, alikuwa amehamishiwa ghorofani, yeye na kikohozi chake.

Hilda akaenda mkutanoni.

"Mheshimiwa, mtaro wenu unaniletea kinyesi jikoni."

Mwenyekiti Gadsby akatabasamu kwa upole wa kiserikali. "Mama, ajenda ya leo ni Mafanikio ya Mitaro. Wako haujafanikiwa. Kwa hiyo unaigusia pembeni tu."

"Kugusia pembeni ndiyo nini?"

"Chukua mstari na duara. Mstari unaligusa duara mahali pamoja, kisha unakwenda zake."

"Basi maji yangu yana kasoro. Yameshagusa, na hayaendi popote."

Watu wakaangua kicheko. Katibu Ambler akaamua kwamba kicheko hicho nacho kimegusia pembeni, hakitaingia kwenye kumbukumbu.

Wakati wa chai, Gadsby alitoka kufuata hotuba yake garini. Barabara ilikuwa mto. Akakanyaga asipopaona, mguu ukazama kwenye mdomo wa mtaro ukanasa kwenye takataka, na maji yakaanza kumpanda mapajani.

"Nisaidieni!"

Madiwani wakajaa dirishani. Katibu akapekua kanuni.

"Mheshimiwa, pole sana. Ila mguu wako si mafanikio."

Wakapiga kura. Hakuna aliyepinga.

Hilda peke yake ndiye aliyeshuka, akiwa na sepetu ya mtunza bustani wa Halmashauri. Wenzake walidhani anakwenda kumchimbua. Akamkabidhi mpini.

"Chimba, baba. Hapo ulipo, hakuna anayehusika kukuzidi."

Gadsby alichimba huku analia. Matope yakatoka, matambara yakatoka, mara mtaro ukabeua kwa kishindo, ukameza maji yote pamoja na kiatu chake.

Aliporudi nyumbani, Hilda alikuta jikoni kumebaki tope tu. Alikuwa anampandishia Wilf supu mlango ulipogongwa. Mwenyekiti alisimama kizingitini na kiatu kimoja, ananuka.

"Bibi Threlkeld, naomba niingie ninawe."

Hilda akamwonyesha bomba la uani.