Springi za Upepo za Idara ya Ufunguzi

Kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba Idara ya Ufunguzi wa Miradi, tawi la Homa Bay, ndiyo idara ya kwanza ukanda wote wa ziwa kuwa na gari linaloshuka lenyewe. Mimi ndiye Mratibu Mkuu. Mnaweza kupiga makofi.

Tatizo lilikuwa la kitaifa. Wafadhili walitupa pikapu kubwa ya Kimarekani ambayo kiti chake kinanifika kifuani, na Mungu alipokuwa akiniumba alikuwa anabana matumizi. Mwaka wa tisini na tatu, nikiruka chini mbele ya umati wa Migori, suruali yangu ilipasuka nyuma yote. Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuendelea. Iliniuma sana. Papo hapo nikasimamisha ufunguzi wote hadi ipatikane njia ya kushuka kwa heshima.

Mradi uliokuwa mbele kwenye foleni ulikuwa zahanati ya kijiji kimoja huko ndani, ukishapita Ndhiwa. Ilikuwa imejengwa, imepakwa rangi, vitanda vipo, dawa zimo kabatini. Ulibaki utepe tu. Nesi wake, Phelesia, hakuchoka kuja ofisini.

"Mkubwa, wamama wanabebwa na mkokoteni wa ng'ombe mpaka Homa Bay kuzaa. Si ufungue tu?"

"Sista, mradi usiofunguliwa rasmi haupo. Mtu akitibiwa mahali ambapo hapapo, tutaandika nini?"

"Hata mgonjwa awe nani?"

"Hata awe mimi."

Kamati Ndogo ya Mteremko ilikaa, ikala mbuzi, ikakaa tena. Hatimaye tukampata Mniko, fundi wa Migori, aliyekuwa na springi za upepo kutoka basi lililopinduka karibu na mpaka. Aling'oa springi zetu za chuma, akapachika mifuko ile ya mpira, kompresa ya kuijaza upepo na swichi. Ukibonyeza, pikapu inashusha pumzi na kujilaza chini kama ng'ombe aliyeshiba.

"Lakini hii mpira imezeeka," Mniko alisema. "Usiiwekee mzigo ya kukaa sana."

Nilimwambia mzigo ni mimi tu. Sikumtajia hotuba.

Siku ya ufunguzi nilisimama juu ya pikapu, pale nyuma pa mizigo, mbele ya zahanati. Mpango ulikuwa nihutubie nikiwa juu, kisha dereva wangu Cephas abonyeze swichi, nishushwe taratibu hadi kwenye utepe. Nilipofika pale ninapoeleza jinsi maendeleo yanavyopanda, niliona umati mzima unainuka. Kwanza vichwa, halafu mabega. Machozi yalinilenga. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa heshima yangu.

"Asanteni, wananchi! Ketini!"

"Tumekaa, mkubwa!" mama mmoja akajibu. "Ni wewe unaenda chini!"

Cephas akanionyesha mikono yake mitupu. Hakuwa amegusa swichi. Mifuko ilikuwa inavuja, na kabla sijafunga hotuba mmoja ulipasuka kwa kishindo, pikapu ikainama upande mmoja, nami nikabingirika hadi mlangoni pa zahanati. Mguu ulivunjika. Nililia kwa sauti, mbele ya wananchi na kwaya.

"Phelesia! Nitibu!"

Akachuchumaa kando yangu. "Mkubwa, hapa hapapo. Tutaandika nini?"

Nikaomba makasi. Nilikata utepe nikiwa nimelala kifudifudi, na wasaidizi wangu wakapiga makofi kama ilivyo kwenye ratiba. Phelesia akafungua kabati, akasoma chupa moja baada ya nyingine.

"Dawa zote zime-expire zikikungoja. Hata ya maumivu. Kuzalisha naweza, lakini huo mfupa ni wa Homa Bay."

Pikapu ilikuwa imelalia tumbo, haiendi popote. Wakati huo mkokoteni wa ng'ombe ukatokea barabarani, umembeba mjamzito wa kijijini, Susana, uchungu umemshika, safari ya hospitali. Aliona mlango uko wazi, akaomba wasimamishe.

Alishuka polepole, ameshika kiuno, hakusaidiwa na springi yoyote. Na umati mzima ukasimama kumpisha. Safari hii walisimama kweli. Niliwaona vizuri nikiwa pale chini.

Kisha wakaninyanyua, wakanilaza alikotoka yeye, na ng'ombe wakachapwa kuelekea Homa Bay.