Mahari kwa 4G

Jumanne, 3 Juni
Mzee Burito, baba yake Boke, amekubali! Goti linamsumbua, hawezi kutoka Butiama kuja huku Mugango kukagua ng'ombe wa mahari. Nikamwambia asijali, nitamwonyesha kwa video Jumapili baada ya misa. Akasema sawa, ila picha ikikwamakwama, binti anampa Kasmiri. Kasmiri! Mwalimu mzima anatembea na kiswaswadu, kisimu cha vitufe!

Tatizo dogo tu. Intaneti ya simu yangu inatambaa. Picha ya mtu inafunguka nywele leo, kidevu kesho.

Jumatano, 4 Juni
Nimeiruti simu, yaani nimevunja kufuli zake za kiwandani. Waoga wanasemaga itaharibika. Nimeweka kiprogramu cha kuongeza kasi, na juu ya kioo sasa pameandikwa 5G. Mugango nzima ni mimi tu! Video bado inazunguka, lakini maandishi yanapendeza. Programu ya benki imegoma kufunguka. Wivu huo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeongeza viprogramu vingine vya kasi, vyote kwa mpigo. Simu ikazima. Ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima tena. Kutwa nzima nembo. Nembo nzuri, sikatai.

Ijumaa, 6 Juni
Musoma. Nimejishusha kwa Kasmiri, nipakue mfumo mpya kwa intaneti ya shule yake. Akanipa neno la siri huku akitabasamu, mshenzi. Akauliza kwa nini nisiswage tu ng'ombe hadi Butiama, Mzee akawaona kwa macho. Watu wa zamani wana shida kweli.

Jumamosi, 7 Juni
Mfumo umekubali! Nimeilazimisha simu ikae 4G tu, isishuke. Inakimbia! Nimelia, sioni aibu.

Halafu ng'ombe wangu wamekonda. Nikaenda kwa jirani yangu Amos, anayechungaga ng'ombe za watu, aniazime yule jike mnene asimame mbele. Akasita, akasema mwenyewe ni mkali sana. Nikamwuliza mwenyewe atajulia wapi.

Jumapili, 8 Juni
Video safi! Mpaka nzi wanaonekana miguu. Mzee akasifu, na Boke nyuma yake anacheka kwa furaha. Mzee akaomba nisogeze simu kwenye sikio la yule mnene. Nikasogeza kwa madaha. Akalikodolea macho bila kupepesa. Nikadhani imekwama.

Haikukwama. Akasema ile alama ya sikio aliikata yeye kwa mkono wake, kabla hajamkabidhi Amos ng'ombe huyo amchungie. Mungu wangu! Namposa binti kwa ng'ombe wa baba yake!

Boke akageuka, akaondoka. Sijawahi kuona mgongo wa mtu kwa ubora ule. Imeniuma, jamani.

Jumatatu, 9 Juni
Kasmiri ameonekana akiingia Butiama kwa miguu, anaswaga ng'ombe. Vumbi hadi kope. Hana aibu.

Nimetafakari na kosa nimeliona. Kasi ilizidi! Ingekuwa intaneti yangu ya zamani, lile sikio lingefunguka baada ya harusi.

Bunda kuna mzee mwingine, binti yake anaitwa Debora. Naye anapenda kukagua kwa video. Nimeshaanza kutafuta kiprogramu cha kupunguza kasi, na Amos bado ana dume moja zuri sana.