Unga Chini ya Kabati

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi nimekuta unga chini ya kabati. Laini, rangi ya maziwa yaliyokaa. Nikadhani mke wangu kamwaga ngano. Nikaonja. Si ngano. Nimesukutua na kusukutua, ulimi bado una ladha ya karakana.

Nikainama na tochi ya simu. Matundu! Madogo, ya duara, kama ya pini, yametapakaa miguuni na ubavuni mwa kabati. Nimekaa sakafuni mpaka nikachelewa dukani (nauza vifaa vya shule na ofisi, na bosi wangu ni mtu wa saa).

Hili si kabati la hivi hivi. Alilichonga baba mkwe kwa mikono yake mwaka aliozaliwa mke wangu. Alipofariki, mama mkwe akalitoa kwangu. Kwangu! Si kwa Mwanyumba, aliyeoa mdogo wa mke wangu, mwenye gari na sauti ya mtu anayefungua mkutano. Mama alisema mbele ya wote kwamba kabati anampa huyu, akaninyooshea kidole. Tangu siku hiyo hakuna kikao cha familia ambacho sijalitaja.

Mchana, ujumbe. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Amelikumbuka kabati, anataka kuliona.

Akikuta limeliwa, litahamia kwa Mwanyumba, na mimi nitabaki yule mkwe aliyeshindwa kutunza mbao. Na mke wangu je? Kila akipita hulipapasa kidogo, hata akiwa na haraka zake. Hilo sitaki hata kuliwaza.

Uamuzi: ni mchwa. Simwambii mtu. Nitawamaliza kimya kimya.

Jumanne, 10 Juni

Nimeomba oili chafu gereji. Nani asiyejua kwamba mchwa hawapatani na oili chafu? Nimepaka miguu yote ya kabati, nyingine nikaimwaga kuizunguka, kama boma.

Boma limetembea. Limefika katikati ya sebule. Nimelifunika kwa zulia. Zulia limeinywa. Nimeweka zulia jingine juu yake.

Mke wangu karudi kutoka shuleni anakofundisha, akauliza harufu hii ni ya nini. Nikamwambia ni dawa mpya ya viatu. Akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jioni Mwanyumba kapiga simu. Hata salamu hazijaisha, akasema amesikia huku kwetu tumetoboa. Simu ilinitoka mkononi. Nani kamwambia? Nikaiokota nikitetemeka. Kumbe alikuwa anatupongeza, mke wangu kafanywa mkuu wa idara. Kutoboa kwa maana ya kufanikiwa! Nikamjibu kwamba tunashukuru, tunatoboa kidogo kidogo. Kisha nikacheka kupita kiasi. Akaniuliza kama niko salama.

Jumatano, 11 Juni

Unga umeongezeka. Mchwa gani hawa wasiojali oili?

Nimemleta fundi seremala wakati mke wangu yuko kazini. Namwita Fundi Penseli, kwa sababu ana moja sikioni na nyingine mdomoni, na huongea bila kuitoa. Kabla ya kutazama kabati ametazama mlango wangu na kuusema vibaya, dirisha akalisema vibaya, na aliyejenga nyumba pia. Kisha akapiga magoti, akanusa oili, akaniuliza ni mwendawazimu gani aliyefanya hivi. Nikamwambia mpangaji aliyetangulia.

Kasema si mchwa. Mchwa hujenga vijia vya udongo, na hapa hakuna udongo. Huyu ni bungua, mdudu ambaye buu wake huishi ndani ya mbao na kuitafuna miaka na miaka. Mdudu mzima ndiye hutoboa tundu, na hutoboa wakati wa kutoka. Maana yake yale matundu si milango ya kuingilia! Ni ya kuagana.

Swali, kasema, ni kama bado wamo. Huenda walishaondoka zamani na unga unadondoka tu kabati likitikiswa. Ili kujua, tandika karatasi nyeusi chini, usiguse chochote, tusubiri mpaka Ijumaa. Ikiwa safi, wamekwisha. Ikiwa na unga mpya, kabati litolewe nje, lichomwe sindano za dawa tundu kwa tundu, lipakwe dawa upande wa ndani ambako mbao haina vanishi, kisha lifungwe nailoni wiki nyingi.

Wiki nyingi! Jumamosi imebakiza siku tatu tu. Nimetandika manila nyeusi kutoka dukani. Amerudia mlangoni: usiguse.

Alhamisi, 12 Juni

Alfajiri nimeitazama karatasi. Ina unga. Nimeipangusa. Pengine ni vumbi la dari.

Baada ya chai, unga tena. Nimepangusa. Barabara yetu ina vumbi sana msimu huu.

Nimerudi mchana makusudi. Unga. Nimepangusa kwa kitambaa chenye maji. Jioni nikaitazama mara tu baada ya kupangusa. Safi kabisa! Matokeo ni mazuri kuliko nilivyotegemea.

Yamebaki matundu yenyewe. Nimechukua dukani kalamu za nta za watoto, rangi ya kahawia, nikaziba moja moja na kusugua kwa kidole. Huwezi kujua. Kahawia ikaisha. Nikachanganya chungwa na nyeusi. Zikaisha nazo. Upande wa ukutani, ambao hakuna mtu atakayeutazama, nimemalizia kwa zambarau.

Mke wangu kauliza kwa nini nina rangi kwenye kucha. Nimemwambia ni hesabu ya bidhaa. Amelala akiwa amenigeuzia mgongo.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi Penseli kaja. Karatasi safi. Akaitazama, akanitazama mimi. Akauliza kama kuna mtu aliyeigusa. Nikamwambia hakuna. Akasema basi hongera, wadudu walishakwenda zao.

Nimefurahi mno! Fundi mwenye uzoefu kathibitisha. Nimejiuliza nilikuwa nahangaika kwa lipi.

Nikakaa kula peke yangu. Nyumba kimya. Ndani ya kabati: kwaru, kwaru, kwaru. Nimewasha redio. Nikapandisha sauti. Jirani kagonga ukuta.

Nikaona bora nilisogeze kwenye kona yenye giza. Nimelikumbatia, nikalivuta. Mguu mmoja ukabaki pale pale. Nimeuokota. Mwepesi kama mkate. Ndani hakuna mbao, kuna unga na vijia tu, na ganda la nje limeshikiliwa na vanishi. Nimelitegemeza kabati kwa kopo la rangi, nikavisha kopo soksi yangu nyeusi.

Nimefunga milango kwa ufunguo ili mama asiifungue, na ufunguo nimeutia ndani ya kiatu changu cha harusi. Nikakumbuka baadaye kwamba sahani zote zimo ndani. Tumekula kwenye mifuniko ya sufuria. Mke wangu kauliza kulikoni. Nikasema ufunguo umepotea. Nikamsikia chooni amefungulia maji ya bomba kwa muda mrefu, na sikusikia akinawa.

Nimeandika mistari hii mara mbili ndipo ikasomeka.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe kaja. Mwanyumba ndiye aliyemleta, na shati lake lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Nikaamkia. Nikakaribisha. Nikamkalisha mama kwenye kiti kinachotazama dirisha. Akakigeuza. Akauliza mbona kabati liko gizani. Nikamwambia linapenda baridi. Akataka kuona vyombo vyake vya zamani. Nikamweleza msiba wa ufunguo, na jinsi tulivyoutafuta kila mahali.

Mama akafungua mkoba akatoa ufunguo. Baba mkwe alichongesha funguo mbili.

Alipouvuta mlango, ulimfuata. Bawaba zilitoka na mbao zake. Unga ukamiminika sakafuni, juu ya zulia la pili. Kopo likateleza, soksi ikachomoka, kabati zima likainama kama mtu anayetafuta kitu chini. Mwanyumba alilidaka. Lazima awe yeye!

Mke wangu alipeleka mkono ndani, kwenye ubao wa nyuma, ambako baba yake aliandika kwa penseli "juu ni huku". Aligusa maandishi tu. Kidole kikapita mpaka upande wa pili. Akaanza kulia, bila sauti.

Nimeona aibu. Si ile ya kuogopa Mwanyumba, nyingine. Nilitaka kumshika bega, lakini mikono yangu ilikuwa na oili ya miguu ya kabati.

Nikasubiri mama anipasue. Akakaa, akajifuta unga kwenye kanga.

"Baba, hawa wadudu hamkuwaleta nyinyi," akaniambia. "Walikuwamo marehemu akiwa hai. Kila mwaka analitoa nje, ananiambia analipiga vanishi. Mimi naona sindano na chupa ya dawa, nanyamaza. Alipoondoka, nikawa nafagia ule unga peke yangu, namkumbuka yeye. Nikachoka."

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi alinichagua mimi.

"Nilianza kumpa mwenzako. Akalikagua mpaka mgongoni, akasema nyumba yake ndogo. Wewe hukukagua. Ulishukuru tu."

Mwanyumba akatazama viatu vyake. Nyumba yake ndogo? Ina ngazi! Na sasa ndiyo nakumbuka kwamba vitu vyake vyote ni vyuma na vioo, kama zahanati.

Mama akainama nyuma ya kabati, akakaa huko kidogo. Kisha akauliza ni ugonjwa gani huu wa vipele vya zambarau.

Jumapili, 15 Juni

Fundi Penseli kaitwa, mara hii na mke wangu. Akauliza ile karatasi ilikuwaje. Nikasema kulikuwa na upepo. Mke wangu akasema, "Aliipangusa, fundi. Hana haja ya kusema, namjua." Fundi akatoa penseli mdomoni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Kabati linaokoka. Miguu yote itakatwa, litakaa chini kidogo. Ubao wa nyuma utabadilishwa, ila kile kipande chenye maandishi kitatiwa dawa na gundi na kurudishwa mahali pake. Lakini nta ya watoto imeziba njia ya dawa. Itachokolewa kwa pini, tundu kwa tundu. Fundi kasema kazi hiyo yeye haifanyi, hata kwa bunduki.

Nimechokoa tangu asubuhi. Baada ya chakula mke wangu kaleta pini yake, akakaa upande wa pili. Kisha akasema alikuwa anadhani nina mwanamke.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanihesabia: harufu ngeni, simu inayonitetemesha, kurudi nyumbani mchana kwa siri, vitu kufungiwa, rangi kwenye kucha. Alikuwa ameshaanza kuwaza watoto wetu, ambao wako bweni, wangekaa kwa nani likizo. Anasema akiwa chooni ile Ijumaa alikuwa anajizoeza maneno ya kuniambia.

"Wiki nzima," akasema. "Kumbe wadudu. Bora wadudu." Akacheka, akalia, akanichoma na pini, sidhani kama ni bahati mbaya.

Nimemwapia. Tangu leo hakuna siri ndani ya nyumba hii. Na hakuna kipande cha mti kitakachopita mlangoni kabla hatujakikagua pamoja, juu na chini, kwa tochi. Nimeapa kwa dhati. Nimelala mchana usingizi wa kwanza wa maana tangu Jumatatu.

Jumatano, 18 Juni

Kabati liko barazani ndani ya nailoni. Nimekatazwa kulisogelea.

Nimeyafikiria sana maneno ya mama mkwe. "Ulishukuru tu." Sasa nimemwelewa. Ni sifa! Mwanyumba alipewa jukumu akakimbia, mimi nikalipokea kifua mbele. Mama hakusema hivyo moja kwa moja kwa sababu Mwanyumba mwenyewe alikuwepo, asimwaibishe.

Na ushahidi umekuja leo hii hii. Mama kanipigia simu dukani. Kasema stoo kwake kuna viti vya marehemu, sita, vya nakshi, vina tundutundu nzuri kote kote kama lesi. Nimekubali kabla hajamaliza. Akasema Mungu anibariki, na alivyoshusha pumzi nikajua nimemgusa moyo.

Vinakuja kesho mke wangu akiwa shuleni. Nitavipanga chumbani, kuzunguka kitanda. Simwambii, nataka nimshtukize.

Mwanyumba amejitolea kuvileta kwa gari lake, bila hata kuombwa. Sauti yake kwenye simu ilikuwa kama ya mtu anayejizuia kucheka. Wivu tu.