Kisado cha Mbegu na Dawa Nyekundu

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Josefina ameondoka asubuhi kwenda kwao Keza kumhudumia dada yake aliyejifungua. Kamchukua na mtoto wetu, Adventina. Atarudi Jumapili. Kaniachia ndizi, mihogo, hela ya sabuni, na kisado kimoja cha mbegu za maharage, zimechanganywa na majivu. Mimi na kisado tu, nyumba nzima!

Mwaka jana nilikula mbegu. Nasema ukweli, daftari ni langu. (Ni la kwaya, lakini katibu ni mimi.) Nilikaanga za kuonja, nikaonja mpaka mvua ikanikuta mikono mitupu. Baba mkwe akaja na shemeji Yohanes, mchoma mkaa, mtu wa kung'oa visiki. Sikupigwa. Nilitazamwa tu. Afadhali wangenipiga.

Leo Josefina hakuniita Baba Adventina. Kaniita Idefonsi. Kasema akikuta mbegu hazipo atachukua jembe lake na kurudi nalo kwao. Jembe! Mwanamke wa huku akiondoka na nguo, hurudi. Akiondoka na jembe, ndiyo basi tena.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Rusumo. Nimeapa: sili hata punje. Naenda sokoni Benaco kununua kufuli.

Jioni. Kufuli nimepata. Lile soko la wakimbizi lina kila kitu, Mungu wangu! Nimenunua pia sambusa nne na kofia ya manyoya. Ya nini, sijui. Hela ya sabuni imekwisha. Nimekutana na Josiane, yule mama Mnyarwanda aliyetulimia kibarua msimu uliopita. Akaniuliza kama mbegu ziko salama. Nikasema salama kabisa. Akaitazama kofia yangu muda mrefu.

Jumanne, 3 Oktoba

Stoo imefungwa. Ufunguo nimempa Telesfori, katekista wetu. Nimemsihi asinipe hata nikimlilia.

Saa sita mchana nikaenda nikilia. Akanipa! Kasema alidhani nimefungia mgonjwa ndani. Katekista gani huyu asiyeweza kumkatalia mtu?

Nimepika vikombe viwili tu. Ndizi bila maharage hazishuki. Kisha nimekitikisa kisado ili kionekane kimejaa. Hakikubali.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimeota jembe linatembea lenyewe kuelekea Keza. Nimeamka natweta.

Lakini woga umenipa akili! Kufuli halimzuii mtu mwenye njaa. Kinachomzuia ni kifo. Nimekwenda Benaco, nimeuza kofia kwa nusu ya bei, nikanunua dawa ya mbegu. Unga mwekundu. Muuzaji kaapa kwamba kijiko kimoja kinaua nguruwe mzima. Nikamwambia nipe vitano.

Nimezichanganya mbegu zote. Nimechora fuvu juu ya kisado kwa mkaa. Nikipita karibu nashika pua. Sasa niko huru! Kwa nini watu hawanishirikishi mambo makubwa ya kijiji?

Alhamisi, 5 Oktoba

Mihogo asubuhi. Mihogo mchana. Mvua ikatishia, haikunyesha.

Nimewaza. Dawa iko nje ya harage, haiko ndani. Kitu cha nje huoshwa. Nimeosha maji matatu. Nikaosha ya nne, maana mimi si mjinga. Nikaweka vitunguu na mawese. Sufuria nzima. Lo, yalivyoiva!

Nilipolamba mwiko ndipo nikamkumbuka yule nguruwe.

Yesu na Maria! Jasho. Ulimi mzito. Natazama kucha, naona zinabadilika rangi. Nimemwandikia Josefina barua ya kuagana nikakiri yote: mbegu, sabuni, kofia, na yule kuku wa Pasaka niliyesema kaliwa na kicheche. Nimemkimbilia Telesfori. Alikuwa anapanda baiskeli kwenda Keza kwenye ibada. Kaichukua barua na kuniombea haraka haraka, mguu kwenye pedali.

Nimevaa koti la harusi. Nimelala chali, rozari mkononi. Kwaheri, Adventina. Baba alikupenda.

Ijumaa, 6 Oktoba

Sijafa.

Nimejibana shavu. Linauma. Tumbo shwari kabisa, hata njaa lina. Nimeruka kwa furaha mpaka mlangoni, na hapo mlangoni nikaikumbuka barua. Ole wangu! Ipo Keza! Na Yohanes yupo Keza!

Nimekimbia Benaco kumshika yule muuzaji. Nimemkuta nyuma ya kibanda anatwanga tofali. Tofali la kuchoma! Nikamwambia angeweza kuniua. Akasema kwa tofali? Kwa hasira nimeuza kufuli na kula sambusa tatu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimefikiri kwa utulivu. Nikiwa nimekula nusu, kipigo ni kimoja. Nikimaliza, kipigo ni kilekile. Basi mbegu zilizobaki zinateseka bure. Nyingine nimepika. Za mwisho nimezipeleka Benaco, nikabadilishana na mwavuli, maana mvua inakuja. Umekataa kufunguka.

Kila baiskeli ikilia naingia migombani.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua imenyesha alfajiri. Ardhi yote inanukia kupandwa, na mimi sina punje.

Wamekuja baada ya misa. Josefina mbele, Adventina mgongoni. Yohanes nyuma. Nilikuwa migombani. Yohanes kaniita kwa upole. Upole wake ndio ulinimaliza. Nikatoka.

Kumbe barua ilisomwa huko Keza mbele ya ukoo mzima. Telesfori ndiye aliyesoma, tena kwa sauti ya kanisani. Josefina akachungulia kisado. Akaliendea jembe, akalishika. Nikapiga magoti kwenye tope.

Akasema yale maharage yalikuwa yametobolewa na wadudu, yasingeota hata yangeombewa. Aliyanunua makusudi, yawe chakula changu mimi. Mbegu zenyewe hakuziacha nyumbani.

Ndipo akaja Josiane, kibuyu cha mbegu hizo kichwani, wanawe wawili nyuma. Alikitunza tangu Agosti, ndani ya turubai lake kambini. Mgawo wao wa chakula umepunguzwa. Wale watoto wamekonda, shingo zinaonekana. Fundo la kamba ya mgomba kwenye kifuniko ni lilelile alilofunga Josefina. Kibuyu kimejaa mpaka shingoni.

Nikamuuliza Josiane aliwezaje. Akasema kila jioni alikigeuzia mgongo, akawapa watoto uji mwepesi, kwa sababu Josefina alimwamini. Hakuniangalia aliposema. Nimelia, na safari hii si kwa woga. Ni aibu. Aibu imenichoma hadi moyoni.

Josefina kalirudisha jembe ukutani. Anabaki! Kasema mbegu zipo, na neno lake ni lilelile. Kesho tunapanda. Kaniwekea kibuyu mapajani nikilinde wakati yeye na Josiane wanakwenda kisimani. Kasema ni mara ya mwisho kuniamini.

Nimekifungua, kukagua tu. Ni za njano, aina ambayo sijawahi kuonja. Zinang'aa. Lakini wadudu je? Mkulima makini hujaribu mbegu kabla ya kupanda. Punje kumi. Ishirini, ili nipate uhakika.

Naogopa sana. Kikaango kimeshapata moto.